Manete Iliyoitwa Mukaidi

Mwalimu alipoinama kuingia mlangoni, kelele zote zilikufa. Vijana waliokaa kwenye mabenchi waliziweka manete zao, vile vishikio vya kuchezea michezo ya televisheni, mapajani. Mmoja alishusha kofia usoni, mwingine akageukia ukutani kama mtu anayesoma kalenda ya mwaka uliopita. Siku zote mwalimu akionekana katika nyumba ya michezo ya Mama Scholastique, pale Nyakasanza, anawatafuta wanafunzi waliokimbia masomo, na haondoki mikono mitupu.

“Hapana kuogopa,” alisema Prof Nicolas. “Leo ni siku ya posho, Jumamosi, masomo haiko. Sikuje kufukuza mutu. Niko natafuta Mama Ornella.”

Mama Scholastique alisimama nyuma ya meza yake na kukaza kitenge kiunoni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na mbele ya watu wengi maneno yenyewe yalipungua zaidi. Ilikuwa desturi yake kusema huku akiitazama mikono yake, kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

“Karibu, Prof,” aliiambia mikono.

Kabla ya michezo, kazi yake ilikuwa samaki. Aliletwa Bunia kutoka Butembo akiwa bibi arusi wa Zacharie, fundi mwashi, na Zacharie alipokufa kwa kifua akamwachia mtoto mmoja wa kike, Ornella, ndipo aliposhuka Kasenyi pamoja na wanawake wengine kutafuta makayabu, samaki wa chumvi. Walipanda lori juu ya magunia, wakashuka mlima hadi ziwani, wakarudi wananuka chumvi. Kisha njia ikaharibika. Haikuharibika kwa mvua, bali kwa watu wenye silaha. Kila safari ilianza na maombi na kuisha na maombi, hadi siku ile ambapo lori lililowatangulia halikufika. Scholastique aliuza samaki wake wa mwisho, akanunua televisheni na mashine ya michezo kwa bwana mmoja aliyekuwa anahama. Hakuwa na mpango. Aliona tu kwamba watoto wa mtaa wanapenda kitu kile, na kwamba kitu kile hakihitaji kupitia njia ya Kasenyi.

Wanawake wa kwaya walimsema. Mama wa kanisa, tena mjane, anawapa watoto wa watu mchezo wa kupigana na kufukuzana! Scholastique aliendelea kusimama mstari wa pili, sauti ya chini, akaimba. Mashine moja ikawa mbili, mbili zikawa nne.

Yeye mwenyewe hakuwahi kucheza. Alizijua manete zake kwa malalamiko ya wateja tu, kama mtu anayewajua majirani kwa ugomvi wao. Vijana walikuwa wameipa kila moja jina. Bijou ndiyo iliyopendwa kuliko zote, vibonye vyake laini, haikatai kitu. Ndege ilikuwa nyepesi. Ya mwisho iliitwa Mukaidi. Kijiti chake cha kushoto kilikuwa kimelika ndani. Ukikisukuma mbele, mchezaji wa kwenye kioo anakwenda mbele kweli, lakini anaegemea upande wa kuume, kama mbuzi anayevutwa kwa kamba. Hakuna aliyekubali kulipa ili acheze na Mukaidi.

Basi Mukaidi ikawa ya Ornella. Haikuwa kwa ubaya. Alivyofanya na samaki ndivyo alivyofanya na manete. Samaki mzima ni wa mteja, kichwa na vilivyovunjika ni vya nyumbani. Wauza samaki wote wa Kasenyi wanakula hivyo, na hakuna mtoto aliyekufa kwa kula vichwa. Tangu miguu yake ilipokuwa haifiki chini akikaa kwenye benchi, Ornella alicheza na kile ambacho wateja wamekikataa. Alilia siku za kwanza. Baadaye akaacha kulia na kuanza kuwashinda waliokuwa wameshika Bijou.

Sasa alikuwa msichana mrefu wa mwaka wa tano wa sekondari, na ndiye aliyekuwa nyuma ya mwalimu mlangoni, akibeba beseni pamoja na mwenzake Caleb. Ndani ya beseni mlikuwa na roboti yao.

Mama Scholastique alikuwa ameisikia kwa muda mrefu lakini hakuwahi kuiona. Ilikuwa kisanduku cha mbao chenye magurudumu manne, batri ya pikipiki tumboni, na mkono uliotengenezwa kwa chuma cha kitanda. Kazi yake ilikuwa kuokota mipira na kuitupa kikapuni. Shule zingekutana katika sale ya parokia, ukumbi wa kanisa, na timu itakayoshinda ingepanda ndege kwenda Kinshasa kushindana na mikoa mingine.

“Roboti iko,” alisema Prof Nicolas. “Kitu haiko ni manete. Mutoto akishika hii manete, kompyuta yangu inasikia, halafu inatuma kwa roboti. Tuko na za kujaribu, lakini hatujue ya kuchagua. Ornella anasema kwenu iko moja yenye anaijua kama mukono yake.”

“Gani?” aliuliza mama, ingawa alikwisha kujua.

“Mukaidi,” alisema Ornella haraka, na vijana wote wa mabenchini wakapasuka kwa kicheko.

Walijaribia uani, kati ya jiko la makaa na kamba ya nguo. Prof aliweka matofali mawili mwisho wa uwanja. Roboti ipite katikati yake, igeuke, irudi.

Kwanza walijaribu simu ya Caleb. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, na simu ile ilikuwa ya kisasa, unagusa kioo na roboti inatii. Ilitii vizuri hadi katikati ya njia. Hapo simu ikalia, picha ya mama yake Caleb ikajaa kwenye kioo, na roboti, ikiwa haina tena mtu wa kuiongoza, ikaenda moja kwa moja na kugonga sufuria ya maharagwe.

“Mama yako anauliza kama umekula!” Ornella alimpigia kelele. “Mujibu, umuambie umemwaga yetu!”

“Weye nyamaza, hata haikumwagika,” alisema Caleb, akipuliza vidole vyake alivyounguza akiisimamisha sufuria.

Simu ikawekwa kando. Ya pili ilikuwa manete mpya kabisa, haina waya, baba yake Caleb aliiagiza Kampala. Caleb akaishika. Roboti ikapita kati ya matofali, ikageuka, ikarudi. Hakukuwa na la kusema. Ikawa zamu ya Ornella. Roboti ikaondoka vizuri, ikaanza kwenda kushoto, kidogo kidogo, ikaligonga tofali. Akarudia. Ikagonga tena, na safari hii mkono wa chuma ulilivunja tofali kona.

“Hii ni mupya, sijaizoea,” alisema Ornella. Uso wake ulikuwa umebadilika.

Ndipo walipochomeka Mukaidi, na waya wake uliojaa utepe mweusi wa gundi, kwenye kompyuta. Ornella akaishika. Roboti ilikwenda kama uzi uliovutwa na fundi mwashi. Ilipita, ikageuka, ikarudi, ikarudia tena kwa mbio zaidi, na vijana waliokuwa wameacha michezo yao waliyolipia wakapiga makofi. Caleb alipojaribu, roboti ikaenda kuume ndani ya nguo zilizoanikwa, ikatoka na sidiria shingoni. Watu walicheka hadi wakakaa chini.

Prof Nicolas hakucheka sana. Alikuwa anafikiri. “Caleb ni muzuri na hii mupya,” alisema. “Lakini Ornella na Mukaidi ni mbio zaidi, na mashindano inahesabu mbio. Tukichagua, tumechagua. Siku ya ukaguzi wataandika manete moja na dereva moja, na hakuna kubadilisha.” Akageuka. “Mama Ornella, nyinyi njo mwenye kitu. Mutuambie. Hii manete iko muzima?”

Mama Scholastique aliitazama mikono yake kwanza. Aliinua macho kutoka kwenye mikono, akamwona Ornella nyuma ya mwalimu. Mtoto alitikisa kichwa kidogo sana, mara moja, kama mtu anayefukuza nzi.

Mama alijua maana yake. Katika shule ile, upande wa Ngezi, wenzake walimwita mutoto ya mama ya michezo. Walikuwa na simu, na wazazi wenye maduka. Ornella alikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna aliyeweza kumshinda, nacho kilikuwa mikononi mwake sasa hivi.

“Inafanya kazi tangu miaka,” alisema mama.

“Basi,” alisema Prof Nicolas, “ni Mukaidi, na dereva ni Ornella.”

Ornella aliruka, akamkumbatia mama yake mbele ya watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu awe mrefu. Mama Scholastique alicheka pia. Kisha akaenda kupakua maharagwe.

Wiki iliyofuata timu ilifanya mazoezi shuleni kila mchana. Ornella alirudi akiimba. Alieleza habari za mipira, za kikapu, za Kinshasa, hata akamuuliza mama kama ndani ya ndege mtu anaruhusiwa kubeba mihogo. Mama alijibu kila swali, na kila mara alijiambia kwamba hakusema uongo. Kweli inafanya kazi. Kweli ni tangu miaka.

Siku mbili kabla ya ukaguzi, Ornella alimwachia mama Mukaidi ili auzungushie waya wake utepe mpya, naye akaenda masomoni. Mchana akaingia Fiacre, motari wa pikipiki, mteja wa kila siku, kofia ya chuma kwapani. Bijou ilikuwa imeshikwa, Ndege imeshikwa, zote zilikuwa na watu.

“Mama, na hii yenye iko kwa meza?”

“Hiyo ni Mukaidi.”

“Nipe tu. Leo hata mwenye kichwa nguvu nitapanda.”

Alicheza sana siku hiyo, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza na abiria hawakuwepo. Mama alikuwa anapanga soda alipomsikia akicheka peke yake.

“Mama! Kuya uone muujiza!”

Fiacre alikuwa ameinua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyekamatwa na askari. Manete ilikuwa juu ya benchi, hakuna aliyeigusa. Kwenye kioo, mchezaji wake alikuwa anakimbia. Alikimbia kuelekea kuume, akauacha mpira, akawaacha wenzake, akafika pembeni mwa uwanja na kuendelea kukimbia papo hapo, miguu ikichapa nyasi.

“Minamuacha, yeye iko natembea tu!” alisema Fiacre. “Huyu anarudi kwao!”

Mama Scholastique aliishika Mukaidi. Ilikuwa na moto, kama mtoto mwenye homa. Aliikalisha karibu na dirisha, na ilipopoa akamwomba Fiacre ajaribu tena. Mchezaji alisimama. Alipocheza tena muda mrefu, akaanza tena kukimbia peke yake.

Fiacre aliona ni mchezo. Yeye hakuona mchezo. Aliona tofali lililovunjika kona. Aliona sale ya parokia, ambako watoto wadogo hukaa chini mbele kabisa, miguu wameinyoosha, na mkono ule wa chuma ukipita kwao wakati Ornella ameinua vidole vyake na hana la kufanya.

Ornella alipotoka shuleni alimwambia. Alimweleza yote, akiitazama mikono.

“Najua inapata moto,” alisema Ornella. Alisema polepole. “Shuleni naipumzisha. Nawaambia nataka kunywa maji.”

“Ulijua?”

“Mama, mechi ni fupi. Haitapata moto.”

“Na kama inapata? Na kama wanawachelewesha, munangoja, muko najaribu jaribu?”

“Haitapata.”

“Kuko batoto kidogo mbele pale, Ornella.”

Msichana alikaa kwenye benchi la wateja, akaipakata Mukaidi. “Na ile mupya, weye uliona. Sijue kwenda sawa. Nikishika yenye haina ubaya, mimi njo nakuwa mubaya. Watapatia Caleb.” Akauzungusha waya kidoleni. “Minakuomba, usiseme. Ni kitu moja tu minajua mbele ya bale ba shule. Moja tu, Mama.”

Jibu jema kwa mtoto huyu lingekuwa baya kwa watoto wale wengine. Mama Scholastique alimpa chakula. Walikula bila kutazamana.

Asubuhi alimwachia jirani ufunguo, akavaa kitenge cha kanisani na kwenda Ngezi kwa miguu. Njiani alipanga maneno yake. Angemwita mwalimu pembeni. Angesema manete ni mbaya, ni kosa lake yeye mwenye nyumba, mtoto hana shida. Aliyarudia maneno hayo hadi yakawa tayari mdomoni.

Lakini Prof Nicolas alikuwa na timu nzima darasani, wakiifunga roboti kwa ajili ya ukaguzi wa kesho yake, na alipomwona mlangoni alifurahi mno. “Mama Ornella! Batoto, simameni! Huyu njo mama mwenye alitupatia manete. Mama, ingia, mutuambie hata neno moja.”

Darasa zima likasimama. Macho yote yalikuwa kwake. Yale maneno aliyoyapanga yakamtoka kichwani yote kwa pamoja, kama samaki gunia linapopasuka, akashika la kwanza lililokuwa karibu.

“Ornella…” alisema, “kidole yake haiko muzuri. Inakwenda kushoto.”

Kila kichwa kikageuka kumtazama Ornella, na kutoka kwenye uso macho yakashuka hadi mkono wake wa kushoto. Ornella aliuficha mkono ndani ya mikunjo ya sketi.

“Kumbe dereva yetu iko kilema!” alisema Caleb, na darasa likacheka. Alisema kwa utani, kama walivyozoea kutaniana, lakini safari hii Ornella hakumrudishia.

“Hapana, hapana,” alisema mama. “Si yeye. Ni mimi.” Akaanza upya, vibaya, akikatakata. Aliwaeleza kijiti kilicholika. Aliwaeleza wateja na Bijou. Aliwaeleza mpaka habari za vichwa vya samaki, akaona nyuso zikishangaa samaki wameingiaje hapo, akazidi kuchanganyikiwa. Lakini Prof Nicolas alikuwa ameacha kutabasamu. Alikuwa anasikiliza.

“Mama anasema Mukaidi inavuta kuume,” alisema taratibu, “na Ornella, tangu utoto, anasukuma kushoto ili iende sawa. Hata hajue kama anasukuma. Njo vile?”

“Njo vile. Na ikipata moto, inakwenda yenyewe.”

Waliichomeka Mukaidi, ambayo Ornella alikuja nayo, wakaiwasha roboti. Prof aliinua roboti juu ya meza, magurudumu hewani, akamwambia Caleb asukume kijiti, aachie, asukume, aachie, bila kupumzika. Muda ulipita. Mama alisimama karibu na mlango akiomba kimoyomoyo, na hakujua anaomba nini. Kisha Caleb akaachia kijiti, na magurudumu hayakusimama. Yaliendelea kuzunguka, na meza ikatetemeka, hadi Prof alipouvuta waya wa batri.

Hakuna aliyecheka.

“Nitajaribu kuidanganya kompyuta,” alisema Prof Nicolas. Alikaa, akachomeka ile mpya, akaiagiza kompyuta ivute kuume kidogo, kama Mukaidi. Ornella akashika. Ikawa mbaya zaidi. Kidole chake hakikuwa na kipimo kimoja. Kilisukuma sana roboti ilipokimbia, kilisukuma kidogo ilipokwenda polepole, jinsi mtu anayechechemea anavyobadili mguu kwa kila jiwe. Kompyuta haikuweza kumfuata.

“Prof, iache sawa,” alisema Ornella. “Nipe moja tu, na hii mupya vile iko.”

Alimpa. Roboti ikawekwa chini. Ornella aliuma mdomo wa chini, akasukuma. Ilikwenda, ikaanza kuacha njia kwenda kushoto, akairudisha, ikaiacha tena. Kadiri alivyokaza ndivyo kidole kilivyokumbuka. Iligonga mguu wa dawati na kusimama pale, ikinguruma.

Aliiweka manete juu ya dawati, taratibu, kama kitu cha mtu mwingine.

“Caleb,” alisema Prof Nicolas, na sauti yake haikuwa na furaha, “kuya ufanye mazoezi.”

Siku za kungoja mashindano, Ornella alizungumza na mama yake habari za maji, chumvi na kufagia. Hakuwa na jeuri. Aliitika alipoitwa. Mama angependa zaidi awe na jeuri.

Siku yenyewe sale ya parokia ilijaa. Ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na chini ya mabati yale palikuwa na baridi, watu wamejifunika vitenge. Watoto wadogo walikuwa wamekaa mbele, kama mama alivyojua, miguu imenyooshwa hadi kwenye mstari. Caleb aliendesha. Aliendesha vizuri, bila kosa, lakini kwa uangalifu, kama mtu anayevuka daraja la miti. Ornella alisimama nyuma yake akiwa ameshika batri ya akiba. Mama Scholastique hakuitazama roboti. Alitazama kidole gumba cha binti yake. Kilikuwa kinacheza juu ya batri, mbele, nyuma, kidogo kushoto, kila roboti ilipogeuka.

Mechi ilikuwa fupi. Ilikuwa fupi sana, kama Ornella alivyosema. Mpira wa mwisho ulikuwa bado sakafuni, roboti ikiuelekea, kengele ilipolia. Walipata nafasi ya pili. Timu ya shule nyingine ndiyo iliyobebwa mabegani.

Caleb alikuja hadi walipokuwa wamesimama mama na mtoto. Alikuwa na machozi na hakutaka yaonekane. “Ornella angepata ile ya mwisho,” alimwambia mama. “Mimi nilichelewa.”

“Ulifanya vizuri, mutoto yangu,” alisema Mama Scholastique.

Walirudi Nyakasanza wakikwepa madimbwi. Mama alitembea akiwaza. Sale haikuwa na joto. Mechi haikuwa ndefu. Huenda Mukaidi ingevumilia mpaka mwisho, Ornella angeuchukua ule mpira, na sasa wangekuwa wanazungumza habari za ndege. Huenda pia mtoto wa mtu angekuwa hospitali. Hakuna mashine ya kumwonyesha lipi lingekuwa. Angebaki na yote mawili.

“Ulinisema mbele ya wote,” alisema Ornella ghafla, bila kugeuka. “Ungemuita Prof inje.”

“Nilitaka kumuita inje.”

“Ulisema kidole yangu.”

“Najua.”

“Sasa wananiita Kushoto. Darasa muzima.”

Mama alitafuta mkono wa kuutazama, lakini mikono yake ilikuwa imeinua kitenge kisilowe. “Nilikosa neno,” alisema. “Lingine lilipotea, hilo njo lilikuja.”

Ornella alipunguza mwendo kidogo, ili wasitembee mmoja nyuma ya mwingine.

Jumamosi iliyofuata, siku ya posho, nyumba ilijaa kama kawaida. Ornella aliingia kutoka uani. Hakwenda kwenye kona yake ya zamani. Alikaa mwisho wa benchi la wanaongoja, nyuma ya wateja, akasubiri. Kila mmoja alipomaliza, alisogea. Mama alimwona tangu alipokaa, akajifanya hamwoni.

Bijou ikawa wazi. Fiacre alikuwa amesimama mlangoni, mkono tayari umenyooshwa. “Lete, Mama. Leo ni Bijou.”

Mama Scholastique aliichukua Bijou mezani. Alipita mbele ya Fiacre na kumwekea Ornella mapajani.

“Eh! Mama! Huyu analipa?”

“Ngoja, Fiacre.”

“Siku zote mutoto ya nyumba anangoja siye!”

“Leo ngoja weye.”

Fiacre aliguna, akakaa juu ya kofia yake. Kijana mwingine aliangalia foleni, akaenda kutafuta nyumba nyingine ya michezo. Mama alimwacha aende.

Ornella aliishika Bijou bila kumtazama mama yake. Aligusa kijiti kwa kidole gumba, mara mbili, kama anayeonja chumvi. Akaanza. Mchezaji wake alipokea mpira, akakimbia, akaanza kwenda kushoto, akavuka mstari, mpira ukatoka.

“Kushoto!” walipiga kelele vijana, na mmoja akapiga benchi. “Uko nakwenda wapi?”

Ornella alisubiri mpira urudishwe. Akasukuma tena. Mchezaji alitoka tena kushoto, pengine kidogo kuliko mwanzo, pengine hapana, mama hakuweza kupima kutoka alipokuwa. Alibaki amesimama nyuma ya meza, anatazama kioo bila kuitwa, kwa mara ya kwanza tangu akinunue, na foleni ikingoja.